Fungueni Sanduku la Bibi

Nyumbani kwenu kuna sanduku la bibi? Pengine ni la bati, limesukumwa chini ya kitanda. Ndani mna kanga iliyochujuka, kadi ya chama, na picha ya kina mama waliosimama safu, wote sare moja. Umewahi kuuliza sare ile ilikuwa ya nini?

Huenda ni ya kikundi. Katika miji yetu ya mwambao, mama zetu walijiunga katika vikundi vya ngoma, kama vile vya lelemama. Walicheza harusini, walishindana kwa mavazi na nyimbo, na walisaidiana wakati wa shida. Walikuwa na viongozi wao, na vyeo vyao viliheshimiwa.

Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba, Dar es Salaam. Mwaka 1955, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama cha TANU, alianzia huko huko: aliwaendea viongozi wa ngoma, nao wakawaita wenzao. Mwaka 1962 ukazaliwa umoja wa wanawake, UWT, yeye akiwa mwenyekiti. Je, kadi ya bibi yako na kanga yake havihusiani?

Bibi Titi tunamjua. Wale waliosimama nyuma yake majina yao tunayo sisi, majumbani mwetu.

Basi, siku ya mapumziko keti na bibi, au shangazi, ukiwa na simu ya kurekodi. Usianze na miaka, maana miaka huchosha. Mwombe wimbo wa kikundi chao. Akishauimba, majina yatafuata: nani alianzisha, nani aliitikia, nani alishona sare.

Kanga usiikimbize kwenye beseni. Itandaze kwanza, usome jina lake, utazame pindo na mji wake wa katikati, uipige picha. Nyuma ya picha ya zamani andika majina kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, kwani wino hupenya. Kadi nayo usiipeleke kupigwa plastiki ya moto; ikishaganda, haibanduki.

Nawe mwalimu, huwezi kuwapa wanafunzi kazi ya kuhoji bibi zao? Mpiga picha uliyerithi studio, zile negativu za mzee ziko wapi? Huenda mtaa mzima umo humo.

Tusisahau vikundi vya leo. Kina mama wa vicoba, mnaoweka na kukopeshana, daftari lenu mwaka ukiisha anabaki nalo nani? Liwekeni pakavu, mbali na mchwa. Na mnapoandika wanachama, andikeni jina kamili la kila mmoja, lake na la baba yake. Picha nyingi za zamani zimeandikwa “Mama Fulani” tu, na leo mjukuu anayemtafuta bibi yake hana pa kuanzia.