Ugonjwa wa akili na ulevi: nani anafika kwenye matibabu, nani anabaki nyumbani?

Mtu akishikwa na malaria huko Walungu au Masisi, familia yake inajua njia: kituo cha afya, kipimo, dawa, na hali ikizidi, hospitali kuu ya zone. Lakini akianza kusikia sauti, akikosa usingizi wiki nzima, au akinywa kanyanga tangu asubuhi, njia hiyo inapotea. Mara nyingi muuguzi wa kituo hakufundishwa mambo hayo, na kabati la dawa halina kitu cha kumpa. Familia inabaki kumfungia nyumbani, kumpeleka kwa mganga wa kienyeji au kumleta kanisani. Wengi wanaletwa kanisani, ndiyo maana jambo hili linatuhusu.

Na wagonjwa si wachache. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu kwamba katika nchi zilizopitia vita ndani ya miaka kumi, mtu 1 kati ya 5 ana shida ya afya ya akili. Sisi hapa mashariki hatujawahi kupata miaka kumi ya utulivu tangu 1996. Tuna nini mbele ya mzigo huo? Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, vyote vikiwa kazi ya mabruda Wakatoliki wa Frères de la Charité, na ni haki kuwashukuru. Lakini kitanda kilichoko mjini hakimfikii mtu wa Shabunda au wa Lubero. Kuna nauli ya mgonjwa na ya anayemlinda, kuna chakula cha wote wawili, kuna shamba linalobaki bila mtu, na kuna barabara ambayo leo inapitika na kesho haipitiki. Aliye na ndugu mjini anatibiwa. Asiye naye anangoja.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinahakikisha haki ya afya kwa kila mtu. Serikali ilianza na akina mama: mpango wa kujifungua bila malipo ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023. Huo ulikuwa mwanzo mzuri. Lakini mgonjwa wa akili bado analipa mwenyewe, na yeye ndiye mara nyingi amekwisha kupoteza kazi. Tangu 2025 mambo yamekuwa magumu zaidi. Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari na Februari, benki zikafungwa, kambi za wakimbizi karibu na Goma zikavunjwa, na wakati uleule Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura katika nchi yetu, ikasimamisha fedha zake. Pesa zikipungua, huduma ya kusikiliza watu ni kati ya zile zinazokatwa mapema, kwa sababu hakuna anayeiona ikikosekana kama anavyoona kisima kikikauka.

Wengine wanasema: bila madaktari wa akili tutafanya nini? Jibu lilitoka hapa kwetu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa vijijini Kivu pamoja na wanawake 405 waliopitia ubakaji. Vijiji vingine vilipewa mazungumzo ya tiba kwa kikundi, yenye mpango wa vikao 12. Vingine vilipewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kijamii Wakongo waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za huzuni kali au hofu kali walikuwa 9 kwa mia katika vikundi, na 42 kwa mia kwa wale wengine. Hata baadhi ya wanawake wasiojua kusoma walifaidika. Kilichohitajika ni mafunzo, msimamizi na uvumilivu wa kukaa pamoja kila wiki. Na kama kuna watu wanaojua kukaa pamoja kila wiki, ni wamama wa kanisa.

Kuhusu ulevi tunahitaji kusema kwa uangalifu zaidi. Makanisa yetu yana desturi ya kumweka mlevi chini ya nidhamu, kisha wengine wanampeleka chumba cha maombi afunge siku tatu bila kula wala kunywa. Nia ni njema. Lakini mwili uliozoea lotoko au kanyanga kila siku kwa miaka ukinyimwa ghafula, unaweza kuanza kutetemeka siku hiyohiyo. Kifafa kinaweza kumshika katika siku mbili za kwanza, na kufikia siku ya pili au ya tatu anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Wanaomzunguka wanafikiri pepo anatoka. Kumbe ni hatari ya kifo, na inatibika: maji, chakula, vitamini B1, diazepam chini ya uangalizi wa muuguzi. Mtu huyu akifunga bila maji, hali inazidi kuwa mbaya. Vivyo hivyo kwa mwenye kifafa anayeambiwa amepona na aache phenobarbital: kuiacha kwa ghafula kunaweza kuleta mishtuko isiyokoma. Tuombe kwa bidii, lakini dawa ibaki mkononi mwake na muuguzi ajulishwe. Minyororo nayo haina nafasi katika nyumba ya Mungu. Yule mtu wa Gerasi alikwisha kufungwa kwa minyororo kabla Yesu hajafika, na haikumsaidia kitu.

Jumuiya za ECC zina hospitali Panzi, Rwanguba, Oicha, Nyankunde na kwingine. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani umekwisha kuandikwa kwa ajili ya wauguzi wasio wataalamu. Tunaomba kila jumuiya ichague wauguzi wawili kwa kila hospitali wafundishwe mwaka huu, na farmasi zetu zisikose phenobarbital, haloperidol, amitriptyline na diazepam, ambazo zote zimo katika orodha ya dawa za lazima. Msamaria hakumwacha yule majeruhi mlangoni. Alitoa dinari mbili na kuahidi kulipa zaidi. Sanduku la mashemasi linaweza kulipa nauli ya mgonjwa mmoja kwa mwezi. Na paroko wa jirani akiwa na mtu wa kuongozana naye hadi SOSAME, hakuna sababu wetu asafiri peke yake.

Jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano ujao wa wachungaji wa kila wilaya, pamoja na majina ya wanaokaa sasa hivi katika vyumba vya maombi na dawa walizoziacha.