Mcheza Kwao Hutunzwa. Mjane Wake Je?

Wahenga wetu walituachia neno: mcheza kwao hutunzwa. Ni neno la kweli, maadamu mchezaji mwenyewe yupo. Akisha kufa, akaacha mjane na mayatima, hutunzwa nani? Suala hili limenijia kwa kukumbuka kisa cha Johann Sebastian Bach, Mjerumani wa madhehebu ya Kilutheri, aliyekuwa mwanamuziki wa kanisa katika mji wa Leipzig na kufariki tarehe 28 Julai, 1750.

Huenda msomaji akauliza: mtu wa kanisa na kinanda chake atuhusu nini sisi watu wa msikitini? Itikadi yake si yetu, wala sikusudii kuzichanganya. Lakini yatima ni yatima popote alipo, na haki ya jirani twaijua sisi kabla ya kufundishwa na mtu.

Yeye mwenyewe alikuwa yatima. Alizaliwa mjini Eisenach mwaka 1685, na kabla hajatimia miaka 10 alikuwa amekwisha fiwa na mama na baba. Akalelewa na kaka yake mkubwa, mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Ohrdruf. Yasimuliwa kwamba kaka huyo alikuwa na kitabu cha muziki alichokifungia kabatini. Mtoto akawa akikitoa usiku kwa kupenyeza mkono kwenye nafasi za mlango, akakinakili kwa mbalamwezi muda wa miezi sita. Kaka alipogundua, akamnyang'anya nakala yake. Sisi tuliofutishwa ubao chuoni kabla hatujahifadhi twajua uchungu wa jambo kama hilo.

Mwaka 1723 akaajiriwa Leipzig, akabaki huko miaka 27 hadi kufa kwake. Kazi yake ilikuwa kufundisha wavulana wa skuli ya kanisa la Mtakatifu Thomas, na kusimamia muziki wa makanisa makubwa ya mji. Miaka ile ya mwanzo, karibu kila Jumapili alikuja na utungo mpya. Wakubwa wa mji walimtoza kazi nyingi na kugombana naye mara kwa mara. Mwaka 1749, yeye yungali hai, walikwisha mjaribu mtu wa kushika nafasi yake!

Na nyumbani? Mkewe wa kwanza alikufa mwaka 1720 naye yumo safarini, asijue mpaka aliporejea na kukuta amekwisha zikwa. Akamwoa Anna Magdalena, mwimbaji mwenye sauti iliyosifika. Kwa wake hao wawili alipata watoto 20, na 10 tu ndio waliofikia utu uzima. Mkewe alinakili tungo zake kwa mkono, wana wakasaidia, na wanafunzi wakakaa humo humo nyumbani. Katika barua kwa rafiki yake, mwaka 1730, alijisifu kuwa wanawe wote ni wanamuziki wa kuzaliwa, na kwamba jamaa yake yatosha kufanya tumbuizo zima, la sauti na la ala. Katika barua hiyo hiyo alilalamika kuwa mwaka uliotangulia hewa ya Leipzig ilikuwa njema mno, watu hawakufa, na ada zake za mazishi zikapungua. Tusimcheke. Mwenye midomo mingi ya kulisha huhesabu kila senti.

Sasa tazama malipo. Alipofariki, mjane alipewa ujira wa nusu mwaka. Mwaka 1752 wakubwa wa mji wakampa fedha kidogo kwa karatasi za muziki. Mwaka 1760 Anna Magdalena akafa akiishi kwa sadaka, katika mji ule ule ambao mumewe aliuimbisha kila Jumapili. Binti mdogo, Regina Susanna, aliyeachwa na umri wa miaka 8, alizeeka katika dhiki, hata mwaka 1800 gazeti moja la muziki likawaomba wasomaji wamchangie. Karatasi ziligawanywa baina ya warithi. Nyingi zilizomwangukia mwana wa kwanza, Wilhelm Friedemann, zilitawanyika, kwa kuwa alikuwa mhitaji akaziuza.

Wako wanaosema lawama ni ya wana. Sikatai kuwa wana wana wajibu wao. Lakini mmoja wao, Emanuel, alimchukua mdogo wake wa mama wa pili akamlea Berlin, na Friedemann mwenyewe alikufa fukara. Mimi naona deni kubwa lilikuwa la mji, maana mji ndio uliokula matunda. Ulikuja kulipa wakati hakuna wa kupokea: mifupa yake ilitafutwa mwaka 1894 katika kaburi lisilo na alama, na mwaka 1950 ikahamishiwa kwa heshima kanisani kwa Mtakatifu Thomas.

Nasi tujitazame. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zimetufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua alizikusanya, akishirikiana na padri wa Kiingereza, William Taylor. Wangapi hawakupata Sikujua wao? Kila mtaa wa pwani una nyumba ya mshairi, ya msoma maulidi au ya mwalimu wa chuo aliyefundisha mtaa mzima, kisha akafa. Watu huja matanga siku tatu, wakasifu, wakaondoka. Baada ya mwaka huja mwenye kutafuta mkoba wa hati za marehemu, akataka kuupata bure.

Tusingoje makumbusho wala serikali. Jumuiya ya msikiti na jamaa wa mtaa waweza kumjua mjane huyo kwa jina na kwa haja zake. Na tukibisha hodi mlangoni pake, tuanze kwa kuuliza hali ya jiko. Habari za karatasi zifuate.