Mwenge Ukishapita

Mwenge wa Uhuru ukikaribia wilayani hakuna asiyejua. Barabara inachongwa, nyasi zinafyekwa, wanafunzi wanapangwa kando ya njia na vibendera mkononi, risala ya utii inasomwa, na kwenye mkesha ngoma zinalia hadi alfajiri. Shamrashamra hizo nazipenda. Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge kileleni Kilimanjaro usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, na tangu 1964 umekuwa ukikimbizwa nchini Tanzania. Anayesisimka akiuona ana haki ya kusisimka.

Lakini katikati ya ngoma zile hufanyika jambo ambalo tunalipita haraka mno. Kiongozi wa mbio za Mwenge anafika kwenye darasa jipya au kisima kipya, na kabla ya kukata utepe anaomba nyaraka: mkataba uko wapi, hati za malipo ziko wapi? Ukuta unagongwagongwa, bomba linafunguliwa maji yaonekane. Zipo nyakati amekataa kuzindua mradi mbele ya umati mzima kwa sababu hesabu hazikukaa sawa. Hapo hasemi mtu kwamba kiongozi yule si mzalendo. Watu wanashangilia.

Sasa Mwenge ukishaondoka, mama mmoja akasimama kwenye mkutano wa kijiji kuulizia zahanati ambayo hadi leo haijaezekwa, mbona anaambiwa ametumwa? Mbona anaitwa msaliti, mchafuzi wa jina la nchi, kwa swali lile lile? Maneno hayo yanaumiza, na yamewanyamazisha watu wengi wenye nia njema. Wenyeviti na watendaji, nawasihi, yaondoeni vinywani mwenu.

Na sisi wananchi tusikae pembeni. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo. Tuhudhurie, hata siku ya palizi. Tusiuache kwa watu wachache wanaojuana. Tuisome karatasi ya mapato na matumizi iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na kama haipo tuidai. Anayependa kuvaa skafu ya bendera aje nayo. Na mwenzetu akizomewa kwa kuuliza, asiachwe amesimama peke yake: tunyooshe mikono, tumwambie mwenyekiti kwamba swali hilo ni letu sote, na tunasubiri jibu.