Kuongeza meno ya kuroni si kutengeneza barabara

Kila motari wa Shabunda anaijua hii hali. Pikipiki mpya imetoka Bukavu, mu lami ilikuwa inakimbia vizuri. Inafika kwenye mulima wa kwanza wenye potopoto, na abiria mmoja na mfuko wa chumvi nyuma, inazimika. Motari anashuka, anasukuma, anavuta ambreyaji mpaka inanuka. Kesho yake anaenda kwa makanisye: "Nitilie kuroni kubwa."

Simlaumu. Lakini nataka tuzungumze juu ya kile tunachonunua tunapobadilisha yale meno, sababu wengi wetu tunafikiri tumeongeza nguvu ya moteri. Hapana. Moteri inabaki ile ile. Tumebadilisha tu namna nguvu yake inavyofika kwenye gurudumu.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme pinyo ya mbele iko na meno 14, na kuroni ya nyuma iko na meno 42. Gawanya 42 kwa 14, utapata 3: pinyo inazunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Tia kuroni ya meno 45, hesabu inakuwa 3,21. Nguvu ya kusukuma kwenye gurudumu imepanda kama asilimia 7. Pikipiki inaondoka haraka zaidi, inapanda vizuri zaidi. Lakini pale moteri ilipokuwa inakupa kilomita 70 kwa saa, sasa, kwa mzunguko ule ule, inakupa 65. Ulichopata kwenye kuondoka umekilipa kwenye mwendo, na mu njia tambarare utalipa tena kwa esansi, sababu moteri inazunguka sana kwa safari ile ile.

Mambo ni yale yale kwa gari, ila meno yamefichwa ndani ya ponti ya nyuma. Kama kuroni iko na meno 41 na pinyo 10, hesabu ni 4,1. Ukitia ponti ya hesabu kubwa zaidi, gari linavuta vizuri na kuondoka haraka, lakini kwenye lami linapiga kelele na kunywa.

Basi nani yuko na haki? Kijana wa Bukavu anayetaka kuruka mbele ya wenzake ili akamate abiria wa kwanza? Ao yule mwingine anayetia kuroni ndogo ili apunguze esansi? Mimi nasema wote wawili wanachagua vibaya, sababu wanaangalia mwenzao ao mfuko wao, hawaangalii njia. Meno yanachaguliwa kwa mulima mgumu zaidi unaoupanda kila siku, na mzigo unaoubeba kila siku. Kama unaupanda na vitesi ya kwanza bila kuchezea ambreyaji, hesabu yako ni nzuri, iache. Kama kila mara lazima ushike ambreyaji nusu-nusu, ongeza. Na kama kwenye tambarare moteri inalia na huna tena vitesi ya kutia, umezidisha, rudisha.

Kuna jambo moja ambalo hatulisemi vya kutosha: muteremuko. Yule mwenye kuroni ndogo, akifika juu ya mulima, mara nyingi anatia pikipiki huru, ao anazima kabisa, ili ateremke bila kuchoma esansi. Hapo moteri haimzuii tena, mwendo wote umekaa juu ya frene peke yake. Frene zikipata joto ao maji ya matope, abiria wa nyuma njo analipa. Kuroni kubwa, ukiwa ndani ya vitesi ya chini, inasaidia moteri kushikilia pikipiki. Kwa njia zetu hiyo faida ni kubwa kuliko ile ya kuondoka haraka. Lakini kuroni kubwa pia iko na hatari yake: kwenye mupando mkali, mzigo wote ukiwa nyuma, ukifungua gazi kwa haraka gurudumu la mbele linanyanyuka. Mwenye kuongeza meno asiongeze pia mfuko wa pili.

Kwa mwenye pesa kidogo, shauri langu ni hili. Anza na pinyo ya mbele, bei yake ni ndogo. Kupunguza jino moja mbele, kutoka 14 kwenda 13, ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma. Ujue tu kwamba pinyo ndogo inakunja shene zaidi na kuimaliza mbio. Ukibadilisha kuroni, angalia kama shene inatosha urefu, na usitie kuroni mpya juu ya shene iliyochoka: itakula meno mapya kwa muda mfupi. Pyesi ya zamani usiitupe, utaihitaji siku utakaporudi kufanya kazi mu mji.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Shabunda ni teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kusini, kilomita za mraba zaidi ya 25 000. Kutoka Bukavu, kupitia Burhale na Kigulube, ni zaidi ya kilomita 300, kwenye barabara inayoitwa ya taifa, namba 2. Chumvi, sabuni, dawa, vyote vinakuja kwa ndege ndogo ao juu ya pikipiki. Kila jino tunaloongeza ili kuvuka potopoto linachoma esansi zaidi, na ile esansi iko ndani ya bei ya sabuni. Tangu 2008 kuna FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, na sehemu ya pesa yake inatoka kwenye mafuta tunayonunua. Maana yake, kadiri njia inavyokuwa mbaya tunachoma mafuta mengi, na kadiri tunavyochoma mafuta mengi tunalipa zaidi kwa ajili ya barabara tusiyoiona.

Makanisye wetu wanafanya kazi nzuri na vifaa vichache. Lakini ufundi wao usiwe kisingizio cha Leta kusema: "Watu wanapita tu." Mama mwenye uchungu wa kuzaa, anayefikishwa hospitali juu ya pikipiki, hapiti tu. Barabara ya udongo inauliwa na maji kwanza. Mitaro iliyochimbwa na kusafishwa mbele ya mvua, na vijana wa vijiji vya kandokando wenye jembe na mshahara unaolipwa kwa wakati, ingetusaidia kuliko kuroni yoyote.

Kwa hiyo, wamotari, fanyeni hesabu yenu vizuri, na mupunguze mizigo. Na ninyi wakubwa wa jimba, hesabu ya zile kilomita 300 ni yenu. Tunaomba mutuonyeshe pesa ya mafuta yetu imefika kilomita gani.