Mbeba Sinia Naye Ana Sikukuu

Siku ya Krismasi watu hupungua Nairobi, lakini hoteli za Waislamu kule Pumwani na Eastleigh hazifungi. Mgeni aliyetoka Mombasa au Lamu akafika huko tarehe 25 Desemba ataikuta chai ya maziwa ipo, mahamri yapo, na pilau ya mchana iko jikoni. Atakula, atamshukuru Mungu, aende zake. Je, amemtazama aliyemletea sinia?

Mara nyingi ni kijana wa bara, Mkristo, ambaye mama yake anamngoja kijijini. Wenzake wamekwisha panda mabasi kituo cha Machakos, na nauli imepanda kama ilivyo desturi ya mwezi huo. Yeye yuko pale, anafuta meza.

Mwenye hoteli ana jawabu lake: "Sikumlazimisha. Tena watu wasile?" Kweli, watu lazima wale. Wako madereva, wauguzi na wasafiri, na sisi Waislamu ambao kwetu siku hiyo ni kama siku nyingine. Hapana haja ya kufunga mlango. Lakini hilo la kutolazimisha lina walakini. Watumishi wengi wa hoteli ndogo ni vibarua wa siku kwa siku. Asiyekuja hana ujira, na akirudi tarehe 27 huenda akakuta aproni yake imevaliwa na mwingine. Hiyo si hiari.

Ndugu zangu, kitanda hiki sisi tunawajua kunguni wake. Mpishi Mwislamu akiambiwa asubuhi ya Idi, "Leo wateja wengi, huendi kuswali," tutapiga kelele tangu Pumwani hadi Pwani, na tutakuwa na haki. Krismasi na Idd-ul-Fitr zote zimo katika orodha moja ya sikukuu za taifa la Kenya. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inamkataza mwajiri kubagua watu kwa ajili ya dini. Haki tunayoidai kwa mpishi wetu, tumpe na mbeba sinia wetu.

Dawa si ngumu. Mwanzo wa Desemba, watumishi waulizwe mmoja mmoja: nani anataka kwenda kwao, nani yuko radhi kubaki? Waislamu washike zamu siku ya Krismasi, Wakristo nao washike siku ya Idi. Atakayebaki kwa hiari yake alipwe maradufu, na alipwe jioni ile ile. Mtume (S.A.W.) ametuusia kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, wala hakuuliza ni jasho la dini gani.

Na sisi wateja, chai ikichelewa siku hiyo, tusigonge meza. Mwenye hoteli akilibeba sinia mwenyewe siku moja kwa mwaka, heshima yake haitapungua, pengine itazidi.