Muuguzi na Kijana Mwenye Kisukari

Wengi katika Mwanza na visiwa vyake hudhani kwamba kisukari ni ugonjwa wa wazee na wenye mali. Dhana hiyo ni ya hatari. Iko aina ya kisukari inayowapata watoto na vijana, matajiri kwa maskini, ambapo kinga ya mwili wenyewe huziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila kudungwa insulini, mgonjwa hawezi kuishi. Mtu wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo, huko Toronto, Kanada, mwezi Januari 1922, alikuwa mvulana wa miaka 14. Tangu hapo dawa ipo. Lililobaki ni kumwezesha kijana kuitumia ipasavyo kila siku, mbali na hospitali. Kazi hiyo ni ya muuguzi kwanza.

Yafaa ieleweke kwamba balehe huubadili ugonjwa huu. Homoni za ukuaji hupunguza nguvu ya insulini, hata kipimo kilichomtosha mtoto wa miaka 10 kisimtoshe akiwa na miaka 14. Sukari huweza kupanda ingawa kijana hakukosea lolote. Muuguzi anayemkaripia kwa sababu ya tarakimu kubwa humfundisha jambo moja tu: kuandika tarakimu za uongo. Daftari litapendeza, na mwili utaangamia. Daftari la kweli lenye tarakimu mbaya ni hazina, kwa kuwa humwonyesha daktari mahali pa kurekebisha kipimo.

Mafundisho nayo hayana budi kufuata maisha ya ziwani. Kijana wa Ukerewe hula ugali wa muhogo kwa dagaa. Wa Misungwi hula michembe. Kumsomea orodha ya vyakula vya ng'ambo ni kazi bure. Heri aulizwe kinachopikwa kwao, kiasi gani, na saa ngapi. Kazi ngumu hushusha sukari, kwa hiyo anayevuta nyavu au kulima hana budi kujua kula kabla ya kazi na kubeba sukari mfukoni. Pasipo na jokofu, chupa ya insulini huweza kuhifadhiwa ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowa maji, kivulini. Isiwekwe kamwe juu ya barafu ya samaki, kwani insulini iliyoganda imeharibika.

Shule za bweni, kama zile za Bwiru na Nsumba, zastahili uangalifu wa pekee. Mwanafunzi ambaye sukari yake imeshuka hutetemeka, hutoka jasho na kusema maneno yasiyoeleweka. Ni rahisi kudhaniwa kuwa amelewa au ana malaria. Mwalimu aliyefundishwa na muuguzi atampa kinywaji chenye sukari mara moja, maadamu aweza kumeza. Lakini anayeona kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kutapika na kuhema kwa nguvu apelekwe hospitali bila kukawia. Tena asiachishwe insulini kwa sababu tu ameshindwa kula.

Litatolewa jibu kwamba wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi. Ni kweli. Hata hivyo, linalotakiwa hapa ni mpango zaidi kuliko idadi. Kila kliniki ya kisukari iteue muuguzi mmoja wa vijana, asihamishwe ovyo. Itenge siku yao wakati wa likizo, wasichanganywe na wazee. Na kijana apewe nafasi ya kuzungumza faraghani, kisha pamoja na mzazi. Sindano ihame polepole kutoka mkono wa mama kwenda mkono wa kijana, muuguzi akiangalia.

Kijana atamwona daktari mara chache kwa mwaka, lakini atajidunga sindano zaidi ya elfu moja katika mwaka huo huo. Anayemfundisha kujidunga bila hofu wala aibu ndiye anayeyashika maisha yake.