Japani Haikujengwa na Utii

Kila tukijadili maendeleo ya Japani, hakosi mtu wa kusimama na kusema ati Wajapani waliendelea upesi kwa kuwa ni watu wa bidii na utii tangu kuzaliwa. Mimi sikubali hata kidogo.

Hebu tuwatazame waliofanya kazi yenyewe. Baada ya 1868, serikali mpya ya Meiji ilitaka fedha za kununulia mashine na meli kutoka Ulaya, na hariri ndiyo iliyouzwa sana ng'ambo. Mwaka wa 1872 serikali ilifungua kiwanda cha Tomioka. Mabinti waliogopa kwenda, maana ilivumishwa kuwa Wafaransa waliokuwa wakifundisha huko wanakunywa damu. Kumbe ni mvinyo mwekundu! Waliokwenda walitunzwa vizuri.

Lakini viwanda vya watu binafsi vilipozuka kama uyoga, mambo yaligeuka. Huko Suwa, mkoani Nagano, waliletwa wasichana wa wakulima maskini, wengine wadogo kuliko sisi wa kidato cha tatu. Wale wa Hida walivuka njia ya mlimani ya Nomugi kwa miguu, tena penye theluji. Aliyekubali mkataba ni baba. Yeye alipewa fedha mbele, na binti akawa kama rehani. Alivuta nyuzi za hariri kutoka kwenye maji ya moto saa 12, 14 au hata zaidi kwa siku. Uzi ukiharibika, mshahara unakatwa. Mabwenini kifua kikuu kilienea, na wagonjwa wengi walirudishwa kwao wakafie huko. Sisi wa kutwa tunaolalamikia mwendo wa asubuhi, tunyamaze kidogo.

Sasa utii uko wapi hapo? Kama ulikuwa katika damu yao, mwajiri alitaka faini na deni la baba za nini? Wengi walitoroka. Mwaka wa 1886, mjini Kofu, waajiri walipoongeza saa na kupunguza mshahara, wanawake zaidi ya 100 wa kiwanda cha Amamiya waliacha kazi wakakusanyika hekaluni. Waajiri wakalegeza kamba.

Serikali nayo haikuwa na haraka. Sheria ya viwanda ilipitishwa 1911, ikaanza kutumika 1916, ikiweka kikomo cha saa 12 kwa wanawake na watoto, tena penye mianya. Kazi ya usiku wa manane waliendelea nayo mpaka 1929.